Pointi Zilizokaushwa na Mbata

Mliobaki kazini mmenitaka niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kupima njia za maji, mkaongeza kwamba niandike yatakayowafaa. Nimeketi barazani kwangu Msambweni, kikombe kiko kulia, paka yuko kushoto, nami nimeamua kwanza kutowaandikia habari za vyeo. Vyangu vilikuwa vichache na vilikuja kwa kuchelewa, kama nilivyokuwa nikija mimi Jumatatu asubuhi. Mshahara nao mnaujua, kwa kuwa ndio huo huo mnaoupokea.

Lazima niseme jambo mlilokuwa mkinicheka nalo kila siku: mimi ni mtu wa nyumbani. Wako watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya mkeka. Nilipomaliza kidato cha nne niliomba kazi ya karani wa stoo, kwa sababu nilijua karani wa stoo hukaa. Nikaitwa. Nikapewa kofia, viatu vizito na chupa ya maji. Nikauliza stoo iko wapi, nikaonyeshwa lori lililokuwa limewashwa injini, linaelekea Kinango. Karani wa stoo walikuwa wamekwisha kumpata. Waliyemkosa ni mtu wa kushika kamba.

Aliyekuwa akishika ncha ya pili ya kamba ile ni Mzee Mwero, Mungu amrehemu, mtu wa Samburu ya Kinango, mrefu, mkavu, asiyecheka ila akiona mtu amekanyaga mwiba. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Pale kamba isipofaa alipima kwa hatua, na kila hatua mia alihamisha punje moja ya mahindi ya kuchoma kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Jioni tunahesabu punje, tunajua tumekwenda umbali gani. Ilikuwa njia safi kabisa, isipokuwa siku moja njaa ilimzidi akala karibu nusu kilomita. Tulirudi kesho yake kuipima upya, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Mzee Mwero alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kabla hatujaingia msituni. Alisema, "Kwanza piga alama ya pa kurudi. Ukishajua pa kurudi, ndipo upotee upendavyo." Katika yote aliyonifunza, hili peke yake sikuhitaji kufunzwa. Mimi pa kurudi nilikuwa napawaza tangu kwenye ngazi ya lori.

Basi miaka ikaenda, kamba ikastaafu, ikaja GPS ya mkononi. Ninyi mmezaliwa nayo ndani ya simu, lakini sisi tuliletewa kitu kizito kama kipande cha sabuni ya mche, cha rangi ya manjano, chenye vitufe vya mpira na kioo kidogo. Ukisimama mahali ukabonyeza, kinahifadhi mahali pale, nasi tuliita hiyo pointi. Kisha unaipa jina, herufi moja moja, kwa kusukuma mshale juu na chini mpaka kidole kife ganzi. Ofisi ilitaka majina ya herufi na namba. Mimi nikitia namba, jioni sikumbuki ipi ni ipi. Kwa hiyo nikawa natia kile ninachokiona: KIVULI, MBWA, MCHONGOMA, CHAI. Pointi ya kwanza kabisa, kwa heshima ya Mzee Mwero, ilikuwa nyumba yangu, nayo niliiita NYUMBANI. Nikiwa kwenye jua kali kule Kinango nabonyeza hapo, mshale unanionyesha Msambweni iko upande gani. Haikuwa na faida yoyote ya kikazi. Ilinipa nguvu.

Sasa nije kwenye kisa mnachonidai, cha punda.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mradi wetu ulikuwa unapeleka bomba Kinango, na ramani ya matawi ilikuwa ifungwe Jumatatu. Kitongoji ambacho pointi zake zingekuwa mezani Jumatatu kingechorwa. Ambacho hazingekuwapo kingesubiri mwaka mwingine wa fedha, na mwaka mwingine wa fedha kule Kinango ni kama mvua ya vuli, huahidiwa sana. Kitongoji cha mwisho kupimwa kilikuwa nyuma ya vilima, nikakiendea mimi siku ya Ijumaa.

Mwenyekiti wa kamati ya maji pale alikuwa mama mmoja wa Kiduruma aitwaye Mbeyu, mtu mzima, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Alikuwa amewakusanya wenye mashamba wote ambao bomba lingepita kwao. Tukatembea pamoja tangu barabarani, shamba hadi shamba, na kila mwenye shamba akasimama kwake akasema bomba lipite hapa, lisipite pale. Msidhani ni jambo jepesi. Hapo palikuwa na ndugu wawili waliokuwa hawajasemezana tangu mahari ya dada yao, na siku ile walisemezana ili wakubaliane bomba lipite mpakani. Kila walipokubali, nilibonyeza haraka kabla hawajabadili nia.

Tulipofika mwisho wa njia, njia panda karibu na jiko la Mbeyu, akanikalisha kwenye kigoda akaniletea chai. Ilikuwa nzito, ya rangi ya hudhurungi iliyofifia.

"Mama, umejisumbua," nikamwambia. "Hata maziwa umetia."

"Sijatia maziwa, baba. Hayo ndiyo maji yetu. Nimeyachuja mara mbili kwa kanga."

Maji yao yalitoka silanga, yaani bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua, mwendo mrefu kutoka pale, wakinywa wao, ng'ombe na ndege. Nikainywa chai ile yote. Akanimiminia ya pili.

"Kunywa, usiogope," akasema. "Na hii ya pili ni ya deni. Bomba likija utarudi kunywa ya tatu, uone kama najua kupika chai au sijui."

Nikabonyeza pale pale kwenye kigoda. Nikaandika CHAI.

Jua lilikuwa limeshapinda na barabara ilikuwa mbali. Mbeyu alikuwa anakwenda silanga na punda wake kuchota, na njia ilikuwa moja kwa kipande fulani. Punda yule aliitwa Diwani. Sababu ya jina sikuuliza, mtumishi wa umma hujifunza kutouliza. Nikamtazama Diwani, nikatazama mkoba wangu, nikaona haki itendeke: yeye ana mgongo wa kazi, mimi sina. Nikautundika mkoba kwenye tandiko, kati ya madebe mawili, nikatembea mikono mitupu kama bwana harusi.

Tulipofika silanga, Diwani hakusimama ukingoni. Aliingia majini hadi tumboni, akapiga magoti, akajilaza, akajigaragaza kwa raha ya mtu aliyefika likizo.

Mbeyu akasema, "Huwa anafanya hivyo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unajua. Wewe si mtu wa vipimo?"

Chombo kiliandikwa ubavuni kwamba hakiingii maji, na ninaamini kilipotoka kiwandani kilikuwa hivyo. Lakini kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika siku nyingi, nasi tulikifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kilipotoka silanga kilikuwa kinatoa matone, kioo cheusi. Daftari langu, ambamo pia nilikuwa nimenakili kila pointi, nilikuwa nimeliandika kwa kalamu ya wino niliyopewa arusini. Likawa limegeuka bahari ya buluu. Hapa pana lenye kuwafaa, basi lishikeni: mashambani andikeni kwa penseli.

Nilipiga simu ofisini. Aliyekuwa akitunza vifaa alinijibu kwa upole kwamba chombo kinaweza kupelekwa Nairobi, na pengine kitaletwa kingine badala yake baada ya miezi kadhaa. Nikamuuliza, hicho kingine kitakuwa na pointi zangu? Akasema la, kitakuwa kipya. Hapo nikaelewa shida yangu ilivyo. Chombo kilikuwa na badala yake. Ijumaa ile haikuwa nayo. GPS ya pili ya ofisi ilikuwa Lunga Lunga na mwenzetu hadi wiki inayofuata, simu yangu wakati huo ilikuwa ya kupigia na kumulikia choo, na wenye mashamba wale wangetawanyika kesho yake kwenda arusini Samburu. Hata wangekuwapo, nani angewapatanisha tena wale ndugu wawili?

Nikarudi Msambweni na chombo kimefungwa ndani ya shati langu la akiba. Mke wangu, Riziki, alinitazama mlangoni akajua.

"Nani amekufa?"

"Hiki."

Nikamweleza yote. Nikamwambia nimesikia watu hutia simu zilizolowa ndani ya mchele. Akaniangalia kama nimetukana.

"Mchele ni wa kula," akasema. "Na mchele haukaushi kitu, wenyewe ukiona maji unavimba. Wewe unataka kukausha kitu na uchaga wa mbata uko nyuma ya nyumba?"

Kwa asiyejua, mbata ni nazi iliyokaushwa ya kukamulia mafuta. Kwetu tunaikausha juu ya uchaga, chini yake moto mdogo wa makumbi ya nazi unaotoa moshi mwingi kuliko ndimi. Nikajaribu kupinga.

"Nazi ikiingia pale imejaa maji," akasema Riziki, "na ikitoka unaweza kuivunja kwa kidole. Hicho kijisabuni chako kinaishinda nazi nini?"

Niambieni ninyi mliosoma, hapo mngejibu nini? Tukakilaza chombo kwenye uchaga, pembeni, mbali na moto, kati ya nazi zilizopasuliwa, nikaenda kulala nikiwa na imani.

Asubuhi maji yalikuwa yamekauka kabisa. Hilo lazima nimpe Riziki haki yake. Lakini mbata zilizokuwa ngazi ya juu ya uchaga zilikuwa zimetoa mafuta, na mafuta hayakuona sababu ya kuanguka mahali pengine. Chombo kilikuwa kinang'aa na kinanukia vizuri sana. Hakikuwaka.

Nikakipeleka Ukunda kwa fundi wa simu aitwaye Otieno, kijana wa bara aliyekuwa na kibanda na sifa. Alikipokea, akakigeuza, akakinusa.

"Shikamoo mzee. Hii ni GPS ama ni nini?"

"Marahaba. Ni GPS."

"Na mbona inanukia mahamri?"

"Ni mbata, mwanangu. Ililowa, nikaikausha na mbata."

"Aii. Hii hukukausha, mzee. Hii imeiva."

Akaifungua. Sitawaficha, ndani mlikuwa kama kikaango kilichosahauliwa. Otieno akafanya kazi kwa mswaki na spiriti, taratibu, akiimba chini kwa chini, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa namtazama kama mtu aliyeleta mgonjwa. Akatia betri mpya. Kioo kikabaki cheusi. Nikashusha kichwa.

"Subiri," akasema. "Skiza."

Akabonyeza kitufe tena. Chombo kikalia: pi.

"Macho ndiyo imekufa," akasema. "Akili iko. Tukiiunganisha na kompyuta, zile vitu zako zinaweza kutoka. Sasa nipatie waya yake."

Waya yake ilikuwa na ncha ya kizamani, wala si hizi zenu. Otieno akatafuta katika sanduku lake, akauliza vibanda vya jirani, hapakuwa nayo. Kisha akasema, "Unajua nani hutumia hii? Wale wapiga picha wa Diani, wenye kamera za zamani. Enda bichi."

Nami ndugu zangu, nimezaliwa Msambweni, na ufuko wa mahoteli nilikuwa sijaukanyaga maisha yangu yote. Ningeendea nini? Nikaenda. Kofia yangu ya kazi kichwani, mkoba mgongoni, viatu vizito mchangani. Hazikupita hatua kumi vijana wakanizunguka na shanga na vinyago, wakaniuliza natoka nchi gani.

"Msambweni," nikasema.

Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Lakini walinipeleka wenyewe kwa mpiga picha, bwana mmoja wa makamo, ambaye kamera yake ilikuwa na waya ile ile. Nilipomweleza kwamba kuna kitongoji Kinango kinachongoja bomba, na bomba linangoja waya yake, hakutaka kuniuzia.

"Chukua, kesho urudishe," akasema. "Ila kwa sharti. Tangu asubuhi sijapiga picha hata moja, na mkosi huvunjwa na mteja wa kwanza. Panda ngamia nikupige."

Picha ile iko ukutani kwetu. Ngamia ametulia. Mimi nimeshika nundu kwa mikono miwili, macho nimefumba. Riziki huwaonyesha wageni wote, hata waliokuja kutoa pole.

Kufika Ukunda, Otieno akaunganisha. Tukangoja. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikaanza tena. Kisha kwenye kompyuta yakaanza kushuka majina, moja chini ya jingine, na Otieno akawa anayasoma kwa sauti.

"Nyumbani. Kivuli. Mbwa. Mbwa mwingine. Ndugu wawili. Kivuli tena. Mchongoma. Chai." Akanigeukia. "Mzee, ulikuwa kazini ama ulikuwa unatembelea watu?"

Nikamshika mkono, nikafuta macho kwa kofia. Akasema, "Sawa, sawa, mzee. Usinilowanishie kompyuta pia."

Jumatatu niliwahi ofisini kwa mara ya kwanza katika historia yangu, wengine wenu mlikuwapo mkashangaa. Mhandisi wetu wakati ule alikuwa dada mmoja makini, msomi, asiyependa mambo ya kubahatisha. Akaifungua orodha yangu mezani mbele ya wote. Akaisoma kimya mpaka mwisho. Akarudi juu.

"Bwana mpimaji, bomba linatoka Kivuli, halafu linapinda kwa Mbwa. Linapinda kwa nini?"

"Kwa sababu ya mbwa, mama."

"Huyu mbwa ni wa kudumu?"

"Amerithi zamu kwa mama yake. Mwenye mbwa ameomba tupite nyuma ya boma, ili mafundi wamalize kazi wakiwa na suruali."

Akaandika. "Na Ndugu Wawili?"

"Ni mpaka wa mashamba. Wamekubaliana lipite katikati, kila mmoja atoe nusu."

"Wamekubaliana kweli?"

"Mbele yangu. Tafadhali tusiwaulize mara ya pili."

Akatazama pointi moja moja kwenye ramani, zikapangana vizuri tangu barabarani hadi njia panda, bila hata moja kupotea. Akafika ya mwisho. "Na hapa Chai?"

"Hapo ndipo kioski cha maji kitakapokaa. Pana deni langu hapo."

Hakuniuliza deni gani. Akachora mstari, akaweka alama, na kitongoji cha kina Mbeyu kikaingia. Nikatoka nje nikampigia Mbeyu simu. Alikuwa arusini Samburu bado, ngoma zinavuma. Nikamwambia mmechorwa. Kisha nikasikia anawaambia watu kwa Kiduruma, na ngoma zikanyamaza, halafu zikaanza upya kwa nguvu zaidi. Nikashika simu sikioni hadi salio langu likaisha.

Ile orodha mhandisi aliinakili kama ilivyokuwa, na hakuna aliyekumbuka kubadili majina. Ndiyo maana mpaka leo, mkitengeneza bomba kule, mnaambiwa valvu iko kwa Ndugu Wawili. Na kioski kilipojengwa, mpaka rangi alisoma ramani akaandika ukutani kwa herufi kubwa: KIOSKI CHA CHAI. Wapita njia wakawa wanaingia kuitisha chai wanapewa maji. Mbeyu, ambaye hakubali mgeni aondoke bila alichokijia, akaweka sufuria na vikombe pembeni. Sasa vinapatikana vyote viwili, na nasikia maandazi pia.

Siku ya kufungulia maji nilikwenda, kwa hiari yangu, jambo ambalo Riziki aliliandika kwenye kalenda. Mbeyu alinikalisha kigoda kile kile. Diwani alikuwa amefungwa kivulini, hana madebe, ananenepa kama jina lake. Chai ikaja, ya rangi, nyekundu, safi, nikaona ua lililochorwa chini ya kikombe.

"Sasa niambie," akasema Mbeyu.

"Unajua kupika chai, mama."

"Nilikuambia. Rudisha kikombe, deni limekwisha. Ya nne ni ya urafiki."

Otieno baadaye alikipa chombo kile kioo kingine, kilichotoka kwa chenzake kilichokufa kwa ugonjwa tofauti. Kikaendelea kufanya kazi mpaka mlipoletewa vipya, na siku yenu ya kuniaga mkanipa hicho badala ya saa ya ukutani. Mlidhani mnanichokoza. Kiko hapa mezani, na jua likikipiga bado kinanukia mbata.

Juzi alasiri nilikiwasha. Nikatafuta pointi ya kwanza, NYUMBANI, nikabonyeza nione mshale. Ukaelekea mlangoni, ukageuka kwa paka, ukanielekea mimi, ukaanza kuzunguka, hauna upande unaoushika. Riziki akatokea na nazi mkononi, akainama kutazama.

"Kimeharibika tena?" akauliza. "Lete nikiweke uchagani."

"La," nikamwambia. "Kimefika."